Mwaka wa Ng'ombe wa Kabula

Msiba ulikuwa Kihesa, mazishi Kalenga. Nilishuka asubuhi kwenye basi la kutoka Mbeya miguu imevimba, nikakaribishwa mkekani kwa akina mama waliokuwa wakichambua mchele, na hapo nikasikiliza wasifu wa Bwana Lukelo ukisomwa kwa kipaza sauti kibovu. Mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, babu wa wajukuu ambao msomaji aliwataja mmoja mmoja mpaka pumzi ikamwishia, mtumishi wa serikali, mzee wa kanisa. Kila jina lilikuwa na kamba yake moja iliyolifunga kwa marehemu, basi. Nikawa najiuliza mimi ningefungwa kwa kamba gani. Mjukuu wake mmoja, binti mwenye adabu zake, aliniletea chai, akapiga goti, akauliza, "Bibi, wewe na babu mlikuwa nani kwa nani?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani. Aliridhika akaenda na sinia lake, na mimi nikabaki nimeudhika, si naye, ila na jibu langu. Kazi tulifanya, ndiyo. Lakini zizini kwangu, Uyole, kuna ng'ombe ambao si wangu, na siku nilipokabidhiwa mama yao wa kwanza, Bwana Lukelo ndiye aliyesimama kuwa shahidi. Tangu siku ile tuliojua huku kwetu tulikuwa wawili. Sasa nimebaki mimi, na mimi mwenyewe ndiye huyu wa miguu kuvimba.

Ulikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya sabini, wakati watu wakihamishiwa kwenye vijiji vipya na kila ofisi ikitaka kujua nani yuko wapi na ana nini. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzi tu, jina langu Atuganile, wote wakiniita Atu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoboa kadi. Ofisi yetu ilikuwa Iringa mjini, chumba kirefu juu ya duka la vitambaa, dirisha linatazama mawe makubwa ya mlimani, na asubuhi za Juni baridi ilikuwa inaingia kwenye vidole mpaka huwezi kuzihisi herufi za mashine. Wahesabuji walikuwa wakileta karatasi zao kutoka vijijini, sisi tukizigeuza kuwa matundu kwenye kadi, na maboksi ya kadi yakienda Dar es Salaam kwenye mashine kubwa iliyojua kusoma matundu. Kadi zilikuwa za aina mbili. Kadi ya kaya, yenye namba yake na jina la mkuu wa kaya. Na kadi ya mfugo, yenye jinsia, umri, rangi, na mwishoni nafasi ya namba ya kaya. Nafasi moja. Bwana Lukelo, mkuu wetu wa kazi, mtu wa tai nyembamba na mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola, alitufundisha siku ya kwanza huku akimenya kiazi kitamu kilichofungwa kwenye gazeti. "Ng'ombe mmoja, kaya moja," alisema. "Ukishajibu hilo, umemaliza. Mashine haitaki hadithi." Nami nilipenda sana kusikia hivyo. Nilikuwa katika umri wa kupenda vitu vinavyomalizika.

Nilipanga chumba hapo Kihesa kwa Mama Tuli, mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka bondeni. Jiko lake lilikuwa nyumba nzima ya mambo. Tulikula ugali wa mahindi na maharage yaliyoungwa kwa karanga, na Jumamosi akija jirani na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, mazungumzo yalinoga mpaka ugali ukapoa. Jambo la kwanza lililonitikisa imani yangu ya ofisini nililisikia hapo jikoni, nikiwa nimeinamia sahani. Jirani alikuwa amekuja kulalamika habari za kuku. Kuku alikuwa wa Mama Tuli, akalalia mayai kwa jirani, mayai yenyewe mengine yalikuwa ya dada yake jirani aliyeko Tosamaganga, na jogoo alikuwa wa mtu wa nne. Vifaranga walikuwa wametoka. "Sasa wewe Atu uliyesoma," Mama Tuli akanigeukia, "hebu waandike hao vifaranga tuone." Walicheka mpaka jirani akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilicheka pia, lakini usiku nililala nikiwaandika wale vifaranga kichwani na sikufika popote. Waligawana wenyewe kesho yake bila ugomvi, kwa sababu wote walikumbuka jinsi ilivyokuwa.

Usangu nilipelekwa mara ya kwanza baada ya mvua kukatika, kuhakiki karatasi ambazo hazikueleweka. Nimepita tambarare ile mara nyingi tangu hapo, hata juzi nikienda msibani nilibandika uso kwenye kioo cha basi, na bado inanishangaza jinsi ilivyo wazi, kama hakuna mtu anayeweza kupotelewa na kitu pale. Ndiko nilikomkuta Kabula. Alikuwa Msukuma, mwanamke mrefu mwenye mwanya, aliyehamia kutoka kaskazini na mumewe na ng'ombe wao, na mume alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akamwachia watoto wadogo. Alinipikia wali na kambale wa kukaushwa, akanimiminia maziwa mgando kwenye kibuyu, akasimama kunitazama nikila. Nikamwuliza ana ng'ombe wangapi. "Sina," akasema, akatazama pembeni. Kijiji cha pili, kwa mzee mmoja Msangu aitwaye Ndelwa, nilikuta zizi limejaa. Nikauliza hawa ni wa nani. Mzee alivuta ugoro taratibu. "Hizi ng'ombe ni zangu," akasema, na mkewe akainuka akaingia ndani.

Wote wawili walinidanganya, na wote wawili walikuwa waaminifu kupita mtu yeyote niliyewahi kumjua. Mume wa Kabula alikuwa amemwekea Ndelwa ng'ombe wake wengi. Kuwekeana ng'ombe ni jambo la watu wanaopendana: unayewekewa unakamua maziwa, unalima kwa madume, na baada ya muda unapewa ndama wako, lakini ng'ombe na uzao wao wanabaki wa yule aliyeweka. Watu hutawanya mifugo hivyo ili ugonjwa usiwafute siku moja, na ili macho ya watu yasijue mali ya mtu yote iko wapi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwekewa ni kwamba akija mgeni, hasa mgeni mwenye kalamu, hamtaji mwenye ng'ombe. Kumtaja ni kumsaliti. Na mwenyewe naye hasemi anao, kwa kuwa nyumbani kwake hawapo. Niliyaelewa hayo yote baadaye, Kabula mwenyewe aliponieleza akiwa amekata tamaa. Siku ile niliandika kilichosemwa, nikashukuru kwa chakula, nikapanda gari.

Ndelwa alikufa msimu wa kupalilia. Hakuugua sana, alipata homa, akalala, hakuamka. Mpwa wake akaja kurithi kutoka upande wa Chimala, akaenda kwenye ofisi ya kijiji, na pale kulikuwa na orodha iliyorudi kutoka Dar es Salaam, imechapwa vizuri kabisa kutokana na kadi zetu. Ng'ombe wote wa zizi lile: kaya ya Ndelwa. Kabula: kaya isiyo na mfugo. Mke wa Ndelwa alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji akasema wale ni ng'ombe wa Kabula na yeye alikuwepo walipoletwa. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, serikali imeshaandika." Na wakati huohuo shemeji yake Kabula akawa ametuma habari kutoka kaskazini kwamba anakuja kumchukua mjane na watoto wa kaka yake, maana mwanamke asiye na mali anakaa ugenini kufanya nini. Angekuwa na ng'ombe wake, kijiji kingempa kiwanja na shamba kama mkuu wa kaya, na shemeji angerudi alivyokuja. Bila wao, alikuwa mtegemezi wa mtu ambaye hakumtaka.

Alikuja Iringa mwenyewe. Nilimkuta asubuhi ameketi kwenye benchi la nje ya ofisi, mtoto mgongoni, amebeba maziwa mgando kama vile amekuja kutembelea ndugu. Hakulia. Alisema, "Mdogo wangu, nimekuja kuona ng'ombe zangu. Wameniambia ziko hapa." Nilimwingiza chumba cha kadi, nikavuta boksi, nikamwonyesha. Alishika kadi moja akaielekeza dirishani, mwanga ukapita kwenye matundu ukaangukia shavu la mtoto. "Huyu ni yupi?" Nikasoma: jike, mwekundu, mzazi. "Ana paji jeupe," akasema. "Hapa halipo," nikasema. Akaniuliza yeye mwenyewe yuko wapi kwenye kadi ile. Nikamwonyesha ile nafasi ya mwisho, namba ya Ndelwa. Akasema polepole, kana kwamba anamweleza mtoto, "Ndelwa yupo sawa. Ni kweli alikuwa kwake. Mimi sitaki mumtoe Ndelwa. Na mimi niwepo." Mpaka leo sijasikia mtu akieleza tatizo lile vizuri zaidi.

Bwana Lukelo alifunga mlango tukazungumza mpaka chai ikapoa. Nilipanga kadi mezani. Nikiweka namba ya Kabula kwenye kadi ya ng'ombe, ng'ombe anahamia kijiji asichoishi na Ndelwa anakuwa mtu aliyekuwa na zizi tupu. Nikiweka ya Ndelwa, Kabula hana kitu. Nikiweka zote mbili, mashine inaitema kadi. "Basi watenganishe," akasema. "Kabula na ng'ombe. Ng'ombe na Ndelwa. Kabula na Ndelwa. Wawili wawili, tatizo limekwisha." Nikamwambia halijakwisha, kwa sababu Ndelwa aliwekewa na watu wengine pia, na mume wa Kabula aliwaweka wengine kwa rafiki mwingine, na ukishavunja vipande viwili viwili huwezi tena kujua yupi aliwekwa na nani, kwa nani, kwa masharti gani, mbele ya macho ya nani. Unabaki na watu wanaofahamiana na ng'ombe wanaozurura. Nikachukua kadi tupu nikaiweka katikati ya zile nyingine. "Hii iwe ya kule kuweka kwenyewe," nikasema. "Siku walipokaa wakakubaliana. Ipewe namba yake. Halafu Kabula aelekezwe hapa, Ndelwa hapa, kila ng'ombe hapa, shahidi hapa. Na ndama akizaliwa naye tunajua pa kumpeleka."

Alicheka, lakini si kwa dharau. "Binti, unataka tendo lipewe namba kama mtu?" Nikamwuliza kama ameoa. Akasema najua ameoa, mkewe ndiye aliyenipakulia kwenye arusi ya mdogo wake juzi. "Una cheti?" Anacho. "Cheti ni cha nani? Si chako, si cha mama watoto. Ni cha ile arusi. Nyie wawili mmeandikwa ndani yake, na mashahidi, na mchungaji, na siku. Mbona lile tendo limepewa karatasi?" Bwana Lukelo aliichukua kadi tupu, akaigeuzageuza. Kuna watu wakishindwa kujibu hukasirika. Yeye alivua miwani. Aliandika barua Dar es Salaam jioni ileile, barua ndefu iliyopangwa vizuri, akanisomea, na nilijivunia kila sentensi. Kabula alilala kwa Mama Tuli tukisubiri, akisaidia kupika, akimfundisha Mama Tuli kugandisha maziwa. Nikiwa chumbani nilikuwa nawasikia wawili wale, mjane na mjane, wakicheka jambo ambalo hawakunieleza. Nilijiona mtu wa maana sana siku zile.

Jibu lilikuja fupi. Tutumie kadi tulizopewa, aina nyingine hazisomeki, na mabadiliko ya mwenye mfugo yafanywe na kijiji kwa kufuata orodha iliyopo. Bwana Lukelo alilisoma akiwa amesimama, akalikunja, akasema, "Wanatuambia tukaiulize orodha kama orodha imekosea." Kisha akapiga simu, akasubiri, akapiga tena, akatajiwa mtu mwingine, na yule mtu mwingine akamtajia yule wa kwanza. Nilimwona mkuu wangu, aliyekuwa akiogopwa na ofisi nzima, ameshika simu iliyokatika huku akisema "halo, halo" kama mtu aliyepotea porini. Nilikuwa sijajua kabla ya hapo kwamba wakubwa nao wana wakubwa, na kwamba juu kabisa, ukipanda mpaka mwisho, unakuta mashine, na mashine haina nia mbaya na mtu yeyote. Ningefurahi kama ingekuwa nayo.

Tukaenda Usangu na Bwana Lukelo kwa Land Rover ya ofisi, Kabula na mtoto nyuma. Tulidhani mpwa wa Ndelwa atakuwa mtu mbaya na tulikuwa tumejiandaa kwa ajili yake. Alikuwa kijana mpole, ana deni la kumuuguza mkewe, alitukaribisha vigoda, akaleta mahindi ya kuchemsha. "Mimi sibishi kwamba mjomba aliwekewa," alisema. "Watu wanasema hivyo, na mkewe naye anasema hivyo. Lakini ni ng'ombe zipi? Nionyesheni. Nikitoa mmoja bila karatasi, kesho watakuja kumi waseme na wao waliweka." Karatasi tuliyokuwa nayo ni ile ile iliyosema hapana. Kabula aliingia zizini akawa anawagusa mmoja mmoja, akiwaita majina kwa Kisukuma, na walikuwa wanageuka. Kila aliyeitwa aligeuka, na sisi sote tuliona, mpwa aliona, mwenyekiti aliyekuwa amekuja kusikiliza aliona, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Kulikuwa na ndama jike, mwekundu mwenye paji jeupe kama mama yake, amezaliwa baada ya hesabu. Mpwa alimtazama, akamtazama Kabula. "Huyu hana kadi," alisema. "Mchukue huyu, dada." Naona alikuwa anatafuta kitu cha kutoa. Tulitoka na ndama mmoja kutoka kwenye zizi lile, na barabarani shemeji alikuwa ameshafika, ameketi juu ya magunia kwenye lori, wale watoto wengine wa Kabula wamepakiwa tayari. Hakupiga kelele, alisema tu lori halimsubiri mtu na ndama hapandi. Kabula alisimama kati ya lori na Land Rover ameshika kamba. Nilimwambia Bwana Lukelo afanye kitu. Akasema, "Nifanye nini, Atu?" na nilipoangalia uso wake nikaona alikuwa ananiuliza kweli.

Basi Kabula akaniwekea kamba mkononi. "Nakuwekea," akasema. "Maziwa ni yako. Akifika kuzaa wa tatu, huyo wa tatu ni wako. Wengine ni wangu, na mimi nisipokuja atakuja mtoto wangu." Akamgeukia Bwana Lukelo. "Baba, umesikia?" Alivua kofia. "Nimesikia, mama." "Mtu akikuuliza, mdogo wangu, usinitaje," akaniambia, akacheka kidogo na ule mwanya wake, kisha akapanda, na lori likaondoka na vumbi lake. Ndama tulimpandisha Land Rover ya serikali. Alikojolea maboksi ya karatasi za hesabu kutoka Usangu mpaka Uyole kwa shangazi yangu, na Bwana Lukelo, mtu wa kola zile, ndiye aliyemshikilia.

Nilimwandikia. Niliwatuma wafanyabiashara wa mchele waulizie, niliwauliza Wasukuma wote waliohamia baadaye, na wapo wengi sana siku hizi, hodari, wenye mifugo tele. Kabula ni jina la wanawake wengi. Hakuja, wala mtoto wake. Bwana Lukelo kila tulipoonana alikuwa ananiuliza kwanza, kabla ya hali, "Wa Kabula hawajambo?" nami namweleza nani amezaa, nani tumeuza tukanunua mwingine kwa pesa hiyo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza. Watoto wangu wamekunywa maziwa yale wakasoma wakakua. Nimewaeleza mara nyingi. Wananisikiliza jinsi watu wanavyowasikiliza wazee.

Wiki moja baada ya msiba alikuja kijana wa mifugo na kishikwambi na koleo la kuvalisha hereni. Kila ng'ombe avalishwe hereni yenye namba, ndiyo utaratibu wa sasa, asiye nayo hauzwi wala hachanjwi. Binti yangu Neema alimshika shingo yule mwekundu mwenye paji jeupe. "Mmiliki?" akauliza kijana. Nikamwambia, "Baba, hawa nimewekewa." Akasimama, akanisikiliza kwa heshima zote, kijana mzuri wa watu. "Na nani, bibi?" "Kabula." "Yuko wapi?" Sijui. "Ana namba ya kitambulisho?" Sijui. "Kuna mtu anaweza kuthibitisha?" Nikamwambia tumemzika juzi, Kalenga. Aligeuza kishikwambi nione mwenyewe, kwa huruma kabisa, kidole chake kikionyesha mstari. "Tatizo, bibi, hapa pana nafasi ya mtu mmoja." Neema akasema, "Andika mama, kaka. Tumalize." Kijana hakuandika. Alitaka anisikie mwenyewe, maana ndivyo alivyofundishwa. "Bibi, hawa ng'ombe ni wa nani?"

Niliitazama kalamu yake ya kuandikia juu ya kioo, nikamtazama yule ng'ombe.

"Ni wangu," nikasema, na kijana akanishukuru, akabana koleo, akaenda kwa jirani.